Kikokotoo cha Tanzania: mzigo wa pensheni uko begani mwa nani?

Katika nchi jirani ya Tanzania kuna neno moja la hesabu ambalo kwa miaka kadhaa limesikika bungeni, katika maadhimisho ya Mei Mosi na katika ofisi za walimu mashuleni. Neno hilo ni kikokotoo. Ni kanuni inayotumika kupata mafao ya mtumishi anapostaafu: fedha kiasi gani atapewa kwa mkupuo siku anapoondoka kazini, na kiasi gani atalipwa kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Tangu mwaka 2018 kanuni hiyo imetangazwa, ikasitishwa, ikaletwa upya kwa sura nyingine, kisha ikarekebishwa tena.

Kwa msikilizaji aliye nje ya Tanzania, mabishano hayo huonekana kuwa ni ya asilimia tu: 50, 25, 33, 40. Lakini nyuma ya asilimia hizo kuna swali zito zaidi, ambalo kila serikali ya kanda hii italazimika kulijibu. Mtumishi wa umma aliahidiwa pensheni na dola. Ikiwa akiba iliyowekwa haitoshi kutimiza ahadi hiyo, nani alipe pengo: mstaafu mwenyewe, kijana aliye kazini leo, au mlipakodi ambaye pengine yeye hana pensheni yoyote?

Ahadi iliyotangulia akiba

Hadi katikati ya mwaka 1999, watumishi wa serikali kuu ya Tanzania walikuwa katika utaratibu usio na michango. Mtumishi hakukatwa mshahara wake kwa ajili ya uzeeni, na serikali haikuweka akiba kwa jina lake. Alipostaafu, pensheni yake ilitoka moja kwa moja katika bajeti ya mwaka huo. Ulikuwa utaratibu uliorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, na ulifaa wakati watumishi walipokuwa wachache na wastaafu wachache zaidi.

Tarehe 1 Julai 1999 utaratibu ulibadilika. Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, uliojulikana kwa kifupi PSPF, ulianza kupokea michango. Mtumishi alikatwa asilimia 5 ya mshahara na serikali, kwa nafasi yake ya mwajiri, ikaongeza asilimia 15. Jumla ilikuwa asilimia 20, na kiwango hicho kwa watumishi wa umma kimebaki hivyo hadi sasa.

Tatizo lilizaliwa siku hiyohiyo. Chukua mfano wa mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1985 na kustaafu mwaka 2015. Amefanya kazi miaka 30, na pensheni yake huhesabiwa kwa miaka yote 30. Lakini michango yake katika mfuko ni ya miaka 16 tu. Miaka 14 ya kwanza haina akiba hata shilingi moja. Mwalimu huyo hakukosea lolote. Alitumikia kwa masharti aliyopewa. Gharama ya miaka ile 14 ilikuwa ni deni la serikali kwa mfuko.

Deni hilo halikulipwa kwa wakati. Mfuko uliendelea kuwalipa wastaafu, na fedha zilizotumika zilikuwa michango ya watumishi waliokuwa bado kazini. Kwa maneno mengine, akiba ya kijana ilitumika kulipa ahadi aliyopewa mzee. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilionya mara kwa mara kwamba hali ya PSPF haikuwa nzuri. Mzigo mwingine ulitokana na mikopo. Mifuko ya hifadhi ya jamii iliikopesha serikali fedha za kugharimia miradi mikubwa, ukiwemo ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, na marejesho yakachelewa. Mkaguzi Mkuu aliliandika hilo pia.

Mifuko inaunganishwa

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha mifuko minne, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma unaoitwa PSSSF. Mfuko huo ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018. Mfuko wa NSSF ulibaki kuhudumia sekta binafsi na watu waliojiajiri.

Mifuko ya awali haikuwa na kanuni moja ya mafao. Wanachama wa PSPF na LAPF walilipwa nusu ya thamani ya pensheni yao kwa mkupuo, na nusu iliyobaki kidogokidogo kila mwezi. Wanachama wa PPF na NSSF walilipwa robo kwa mkupuo. Baada ya muungano, serikali ilitoa kanuni mpya iliyowaweka wote katika robo, yaani asilimia 25.

Watumishi waliokuwa wakitarajia nusu walipinga kwa nguvu. Tarehe 28 Desemba 2018, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu jijini Dar es Salaam, akasitisha kanuni hiyo na kuagiza kila mwanachama aendelee kulipwa kwa kanuni ya mfuko wake wa zamani hadi mwaka 2023.

Muda huo haukufika mwisho. Baada ya mazungumzo kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, kanuni ya pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33. Kwa waliozoea robo, hiyo ilikuwa nyongeza. Kwa waliozoea nusu, lilikuwa punguzo kubwa, na malalamiko yakaendelea. Mwezi Juni 2024, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba aliliambia Bunge katika hotuba ya bajeti kwamba mkupuo utapanda hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, na hadi asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata robo.

Hesabu yenyewe

Asilimia ya mkupuo ndiyo inayotajwa sana, lakini kikokotoo kina namba nyingine mbili ambazo hazizungumzwi sana, nazo ndizo zenye uzito mkubwa.

Ya kwanza ni kigawanyo. Mshahara wa mwaka huzidishwa kwa idadi ya miezi ya utumishi, kisha jibu hugawanywa. Katika PSPF na LAPF mgawanyo ulikuwa kwa 540. Sasa ni kwa 580. Kigawanyo kikikua, pensheni inapungua. Ya pili ni kizidisho cha mkupuo. Sehemu ya pensheni ya mwaka ambayo mstaafu anachukua kwa pamoja huzidishwa kwa namba inayowakilisha miaka anayolipwa mapema. Zamani namba hiyo ilikuwa 15.5, sasa ni 12.5.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtumishi amefanya kazi miaka 30, sawa na miezi 360, na mshahara unaotumika katika hesabu ni shilingi 1,000,000 za Tanzania kwa mwezi.

Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, pensheni yake kamili kwa mwaka ni shilingi 8,000,000. Nusu yake, milioni 4, huzidishwa kwa 15.5 na kumpa mkupuo wa shilingi 62,000,000. Nusu nyingine hugawanywa kwa miezi 12, na kila mwezi anapata takriban shilingi 333,000.

Kwa kanuni ya mwaka 2022, pensheni kamili kwa mwaka inashuka hadi takriban shilingi 7,448,000. Asilimia 33 yake mara 12.5 ni mkupuo wa takriban shilingi 30,700,000, na malipo ya kila mwezi ni takriban shilingi 416,000.

Kwa marekebisho ya mwaka 2024, mkupuo wa asilimia 40 ni takriban shilingi 37,200,000, na malipo ya mwezi ni takriban shilingi 372,000.

Hapa ndipo panapoonekana kwa nini pande mbili zilisema maneno tofauti na zote zikawa na ushahidi. Serikali ilisema kanuni mpya inaongeza pensheni ya kila mwezi, na ni kweli. Wafanyakazi walisema mkupuo umekatwa vibaya, na hilo pia ni kweli. Lakini ukilinganisha kanuni ya zamani na ile ya mwaka 2024, mtumishi wa mfano wetu anapoteza karibu shilingi 24,800,000 siku ya kustaafu, na anaongezewa karibu shilingi 39,000 kwa mwezi. Kwa nyongeza hiyo, atahitaji takriban miaka 53 kurudisha kile alichopoteza. Mtu aliyestaafu akiwa na miaka 60 angelazimika kuishi hadi miaka 113.

Kwa hiyo mabadiliko haya hayakuhamisha fedha kutoka mkupuo kwenda malipo ya mwezi tu. Yalipunguza ahadi yenyewe. Hata mkupuo ungerudishwa kuwa nusu, kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5 vingeufanya uwe mdogo kuliko ule wa zamani.

Mbona ahadi ilipunguzwa?

Watetezi wa mabadiliko wanaomba tutazame upande wa pili wa daftari. Mtumishi wa mfano wetu, kama mshahara wake ungekuwa shilingi 1,000,000 tangu siku ya kwanza, angechangiwa asilimia 20 kila mwezi, yaani shilingi 200,000. Kwa miezi 360 jumla ni shilingi 72,000,000. Kwa kanuni ya zamani, shilingi 62,000,000 zingetoka siku moja. Shilingi 10,000,000 zilizobaki zingetosha kumlipa pensheni ya mwezi kwa miaka miwili na nusu tu. Kwa kanuni ya mwaka 2024, zingebaki karibu shilingi 34,800,000, zinazotosha chini kidogo ya miaka 8.

Hesabu hii imerahisishwa. Mfuko huwekeza michango, na faida ya uwekezaji huongeza akiba. Kwa upande mwingine, hakuna mtumishi anayeanza kazi na mshahara anaomalizia nao. Michango ya miaka ya mwanzo huwa midogo, ilhali mafao hukokotolewa kwa mshahara mkubwa wa miaka ya mwisho. Na kwa waliokuwa kazini kabla ya Julai 1999, sehemu ya michango haikuwepo kabisa. Ukiyaweka hayo pamoja, inaeleweka kwa nini wataalamu wa hesabu za bima walisema kanuni ya zamani haiwezi kudumu bila fedha za ziada kutoka Hazina.

Hoja ya mlipakodi inaingia hapo. Watanzania wengi ni wakulima, wafugaji, wavuvi na wachuuzi ambao hawamo katika mfuko wowote wa pensheni. Wanaponunua sukari, sabuni au muda wa maongezi wa simu, wanalipa kodi. Kila shilingi ya kodi inayokwenda kuziba pengo la mfuko wa watumishi ni shilingi ambayo haikwenda katika zahanati au kisima. Si rahisi kumweleza mkulima asiye na akiba ya uzeeni kwa nini anachangia uzee wa mwingine.

Lakini mtumishi naye ana jibu. Mwalimu na muuguzi ni walipakodi pia, na kodi yao hukatwa kabla mshahara haujawafikia. Walikubali mishahara midogo kwa miaka mingi, mara nyingi katika vijiji ambako wengine hawakutaka kwenda, kwa sababu sehemu ya malipo yao iliahirishwa hadi uzeeni. Kwao mkupuo hauonekani kuwa anasa. Ndio unaomalizia nyumba iliyosimama kwenye msingi, unaolipa ada ya mtoto wa mwisho, au unaoanzisha mradi wa kuku. Tena pensheni ya mwezi haipandi yenyewe kila bei za sokoni zinapopanda. Hupanda pale serikali inapoamua. Mtu aliyeona shilingi ikipungua thamani kwa miaka 30 ana sababu ya kupendelea kushika fedha zake leo.

Wapo pia wanaotetea malipo ya mwezi kwa nia njema. Wanakumbusha kwamba mkupuo mkubwa humfuata mstaafu na ndugu wengi, wakopeshaji na matapeli, na kwamba si wachache waliobaki mikono mitupu miaka michache baada ya kustaafu. Wafanyakazi hujibu kwamba mtu mzima aliyeaminiwa kufundisha watoto wa taifa aaminiwe pia na fedha zake.

Deni halikufa, limebadili mahali

Katika mwaka wa fedha 2021/22, serikali ya Tanzania ilichukua hatua ambayo haikuzungumzwa sana kama asilimia za mkupuo, ingawa uzito wake ni mkubwa. Ilitoa hatifungani maalumu zisizo za fedha taslimu zenye thamani ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF, kulipia sehemu ya deni la michango ya kabla ya mwaka 1999.

Hatifungani ni hati ya ahadi. Serikali haikutoa fedha siku hiyo. Ilikiri deni kwa maandishi, ikakubali kulilipa pamoja na riba kwa miaka ijayo. Kwa mfuko, hiyo ni afadhali kubwa, kwa sababu deni lisilo na tarehe limekuwa mali yenye tarehe. Kwa mlipakodi, maana yake ni kwamba ahadi ya miaka ya 1970, 1980 na 1990 italipwa kwa kodi za leo na za kesho.

Kwa hiyo pengo lile la mwaka 1999 limegawanywa. Sehemu imebebwa na mstaafu kupitia kikokotoo kilichopunguzwa, na sehemu imebebwa na mlipakodi kupitia hatifungani. Kijana aliye kazini amebeba yake pia, kwa sababu atachangia asilimia ileile na kupokea mafao madogo kuliko aliyemtangulia.

Mzigo huo wa kale una mwisho. Mtumishi aliyeajiriwa akiwa na miaka 22 katikati ya mwaka 1999 atafikisha umri wa lazima wa kustaafu, miaka 60, mwaka 2037 hivi. Baada ya hapo, karibu kila atakayestaafu atakuwa amechangia tangu siku yake ya kwanza kazini. Kazi ya kulipa waliokwisha kustaafu itaendelea, lakini shimo halitachimbwa tena.

Kenya ilingoja zaidi

Kenya ilichelewa kuvuka daraja hilo. Kwa miongo mingi, pensheni za watumishi wa umma, walimu na polisi zililipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali, yaani kapu la kodi zote, bila mtumishi kuchangia. Malipo hayo huhesabiwa pamoja na ulipaji wa deni la taifa, kabla wizara hazijagawiwa fedha zao. Kadiri walioajiriwa kwa wingi baada ya uhuru walivyofikia umri wa kustaafu, ndivyo gharama ilivyopanda.

Sheria ya kuanzisha mpango wa michango ilipitishwa mwaka 2012, lakini mpango wenyewe ulianza tarehe 1 Januari 2021. Mtumishi alianza kukatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, kisha asilimia 5, na kufikia asilimia 7.5 mwaka wa tatu. Serikali huchangia asilimia 15. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwa lazima. Waliozidi umri huo waliachiwa hiari.

Kenya sasa inalipa mara mbili. Inawalipa wastaafu wa zamani kutoka kapu la kodi, na wakati huohuo inapeleka michango ya watumishi vijana katika mfuko wao. Hakuna nchi inayotoka mfumo wa bila michango kwenda wa michango ikaepuka kipindi hicho. Tanzania ilikifikia mwaka 1999, lakini kwa kuacha mfuko ubebe malipo ya zamani, iliahirisha ankara. Ankara hiyo ndiyo iliyorudi mwaka 2018 ikiitwa kikokotoo.

Funzo kwetu

Msikilizaji wa Rwanda ana sababu ya kuyafuatilia haya kwa karibu. Tangu Januari 2025, mchango wa pensheni unaopokelewa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, umepanda kutoka asilimia 6 hadi asilimia 12 ya mshahara, nusu ikilipwa na mwajiri na nusu na mwajiriwa. Mpango uliotangazwa ni kuongeza hatua kwa hatua hadi kufikia asilimia 20 ifikapo mwaka 2030, kiwango kilekile ambacho Tanzania inacho. Wengi waliona makato yamekua na mshahara unaofika mkononi umepungua, wakauliza faida yake ni nini.

Historia ya majirani inatoa sehemu ya jibu. Mchango mdogo huficha gharama kwa muda, haiondoi. Tofauti iliyopo ni kati ya kulipa mapema, hatua kwa hatua na kwa kiwango kinachojulikana, na kulipa baadaye kwa kumwambia mzee aliyekwisha kukabidhi ofisi kwamba hesabu imebadilika.

Lakini mchango mkubwa peke yake hautoshi. Tanzania ilikuwa na asilimia 20 tangu mwaka 1999, na bado ikafika ilipofika. Kilichokosekana ni mwajiri mkubwa kuliko wote, yaani serikali, kulipa deni lake kwa wakati na kurejesha ilichokopa. Kwa sababu hiyo mwanachama wa mfuko wowote, popote alipo katika kanda hii, ana haki ya kuuliza mambo matatu na kupewa majibu ya namba. Je, michango ya mwajiri wangu inafika mfukoni kila mwezi? Fedha zangu zimekopeshwa kwa nani, na zinarudi lini? Na kanuni itakayotumika siku nitakapostaafu inaweza kubadilishwa na nani, kwa taarifa ya muda gani?

Mtumishi anayejua majibu hayo akiwa na miaka 30 ana muda wa kujipanga. Mabishano ya Tanzania yalikuwa makali kwa sababu wengi waliyapata majibu wakiwa na miaka 59.